Shukrani kwa yule mzee wa barazani Kibokoni

Assalam alaykum jamani, namshukuru mzee mmoja alokuwa amekaa barazani Kibokoni, Mombasa, Ijumaa baada ya swala, jina lake sikumuuliza wallahi, nilitekwa na maneno. Nilikuwa na karatasi ya nasaba yetu imenishinda kabisa, Ali bin Said bin Ali bin Said bin Ali, na kila Said ana kakake Omar na kila Omar ana mtoto Ali tena! Si mwajua huku kwetu mjukuu wa kiume hupewa jina la babu. Basi mzee akavaa miwani, akaomba kalamu, akaniambia majina wachana nayo kwanza, uliza mama zao. Akaandika kando ya kila Ali mamake nani na mtaa gani, huyu wa Kuze, huyu alihamia Lamu akaolea huko, na "Ali Mrefu" kumbe ndiye babu wa babangu, kwenye karatasi yuko mara mbili. Kahawa nililipa mimi lakini haitoshi. Kama ni babako au amu yako mpe salamu zangu, na mwambie mke wangu ni mjamzito na nyanya ameshasema akiwa wa kiume ni Said, tutafanyaje sasa.