Barua kwa mdogo wangu: neno ambalo mtafsiri hakulisema

Marahaba, mdogo wangu.

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kuhusu Rangasthalam, ile filamu ya Kihindi: kwa nini Chitti Babu amuuguze mzee yule muda wote ule, halafu akishapata nafuu ndipo amuue. Unasema mwisho wake umekuharibia filamu nzuri. Mimi naona mwisho ule ndio filamu yenyewe, ila mtafsiri wetu wa kibanda cha video alikunyima neno moja.

Yeye alisema "maskini" tangu mwanzo hadi mwisho. Nasi tukaridhika, maana umaskini tunaujua. Na kweli sehemu kubwa ya filamu ile ya 2018 inakwenda hivyo: kijiji kando ya mto Godavari, miaka ya 1980, mwenyekiti aliyetawala miaka 30 bila mpinzani, madeni ya ushirika yanayomeza mashamba ya watu.

Lakini mkumbuke kaka yake Chitti Babu, Kumar Babu. Amesoma, amerudi kutoka Dubai, anagombea uenyekiti. Mwanasiasa Dakshina Murthy anamuunga mkono, anamchekea. Tulidhani mbaya ni mwenyekiti peke yake. Kumbe yule mwungwana, mzee yuleyule aliyeuguzwa, ndiye aliyemuua Kumar, kwa sababu alipendana na binti yake na hakuwa wa tabaka lao. Kwa Kitelugu, lugha ya filamu ile, neno lenyewe ni kulam. Ni tabaka unalozaliwa nalo, na fedha za Dubai haziliondoi. Maskini anaweza kutajirika. Kumar angekuwa nani hata binti yule apewe? Mwenyekiti alitaka mashamba. Huyu aliyemsaidia kura alimkataa yeye mwenyewe, damu yake. Ndiyo maana hasira ya Chitti Babu haikuisha kwa mwenyekiti.

Usidhani wametunga tu. Katika kijiji cha Tsunduru, wilaya ya Guntur, huko India, mwaka 1991, kijana Mdalit, yaani wa tabaka la chini kabisa, alikuwa ndani ya sinema, mguu wake ukamgusa mtu wa tabaka la juu. Mguu tu! Wewe na mimi pale kibandani tunakaa magoti yetu yakiwa mgongoni mwa watu, na hakuna anayegeuka. Wao ugomvi ulikua kutoka hapo, na tarehe 6 Agosti Wadalit 8 wakauawa. Miili mingine ilitiwa kwenye magunia ikatupwa mferejini. Mahakama maalumu ilikaa palepale kijijini, na 2007 ikawahukumu watu 21 kifungo cha maisha. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ikawaachia. Nilipoisoma habari hiyo sikulala vizuri.

Halafu umeandika, "hayo ni mambo ya Wahindi." Hapo umeniumiza. Umesahau posa ya mjomba? Mahari ilikuwepo, kazi ilikuwepo, swala tano hazimpiti. Jibu likaja kwamba si kufu, na aliyeleta jibu akataja babu yetu alikotoka na alikuwa mtu wa nani. Hakuna aliyeuawa, namshukuru Mungu. Lakini mjomba alikuwa na miaka 27 siku ile, na hajaoa mpaka leo.

Nikija Idi tutaitazama tena, kuanzia pale mzee anapofumbua macho. Safari hii nitakutafsiria mimi. Na mjomba tumwite, kama atapenda kukaa nasi.

Kaka yako.