Shukrani kwa Mzee wa Darajani Aliyenipa Pa Kulala

Ninaandika kumshukuru mbele ya watu mzee mmoja Mwislamu wa mtaa wa Darajani, mjini Zanzibar, ambaye ameniomba nisimtaje jina. Masika ilipofika na wageni wakapungua, nilipoteza kazi ya hotelini, nikashindwa kulipa kodi, nikawa ninalala kwenye bustani ya Forodhani na kwenye baraza za watu. Kama Mkristo nilijua kwamba Yesu naye alikosa pa kulaza kichwa chake, lakini kulijua jambo hilo hakuzuii mvua kulowesha nguo.

Mzee huyo alinikuta barazani kwake akirejea kutoka sala ya alfajiri. Alinipa chai na boflo, akaniuliza nimetoka wapi, na asubuhi ileile akanipeleka kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, na kunidhamini, ili nisihesabiwe mzururaji. Kisha akanifungulia chumba cha uani, akanitafutia kibarua kwa fundi seremala, na akakataa kupokea kodi mpaka nipate malipo ya kwanza. Jumapili, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, ndiye aliyenihimiza kwamba saa ya ibada inakaribia katika kanisa la Mkunazini, lile lililoanza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa.

Wakristo wenzangu wa Unguja na Pemba, nawaomba mkimkuta mtu amelala barazani mwenu, muulizeni kwanza habari zake, kisha mfuatane naye kwa sheha.