Risala ya Kikundi cha Watu wenye Ulemavu wa Viungo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wazazi, walezi na wanachama wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu na, zaidi, kwa kufika mwenyewe. Tumeshazoea kupokea wawakilishi.

Kikundi kilianza na watu wachache wenye nia moja. Leo kina katiba, usajili na muhuri. Mafanikio ni mengi. Tumefufua viti mwendo viwili: kimoja kilikuwa na magurudumu, kingine kilikuwa na pa kukalia, kwa hiyo sasa ni kimoja, lakini kinatembea.

Mheshimiwa, tuingie kwenye jambo lenyewe, nalo ni huduma ya nyumbani kulipiwa na fedha za umma.

Tunaye mwenzetu aliyeumia uti wa mgongo. Hawezi kujigeuza kitandani, na asipogeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, ngozi ya makalio na visigino huanza kufa. Usiku mama yake huamka saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Kukicha amwogeshe, amwage mfuko wa mkojo, amvalishe, ambebe hadi kwenye kiti. Mama huyo halipwi na mtu, kazi aliyokuwa nayo aliiacha, na mgongo wake mwenyewe sasa unamsumbua. Siku akizidiwa na usingizi, kidonda kinaingia, na kikifika mfupani ni kulazwa kwa majuma. Hapo fedha ya kutibu kidonda inatafutwa mpaka inapatikana. Ya kumlipa mtu wa kumgeuza ili kidonda kisiwepo, tunaambiwa bado iko kwenye mchakato.

Hatuombi hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika Ibara ya 19 unataja huduma za nyumbani na msaidizi binafsi, ili mtu aishi ndani ya jamii asitengwe. Tunachoomba ni kasma yake ndani ya bajeti, isiyochotwa kila panapotokea dharura nyingine. Msaidizi apewe mafunzo na alipwe kila mwezi, si kwa msimu wa sherehe. Anayehudumiwa amchague mwenyewe, maana ni mwili wake unaoshikwa. Na ndugu aliyeacha kazi ili ahudumie, naye atambuliwe na alipwe.

Mheshimiwa, mgeni rasmi aliyekutangulia alilipokea ombi hili kwa mikono miwili akasema litaingia bajeti inayofuata. Aliyemtangulia yeye aliahidi kuunda kamati. Tunawaheshimu wote wawili. Hata hivyo, katibu wetu hakusumbuka sana kuandika sehemu hii ya risala: ameinakili kutoka ya mwaka jana, akabadilisha tarehe. Nakala za zote mbili zimo kwenye bahasha yako, pamoja na makofi tuliyopiga, kama yangeweza kuambatishwa.

Mama tuliyemtaja ameketi mstari wa nyuma, karibu na mlango. Jirani amemshikia zamu, lakini hatakaa hadi chakula. Tungefurahi ajibiwe kabla hajainuka, na jibu liwe na mwezi na kiasi.

Tunaomba kuwasilisha.