Jeni si jini

Mhariri,

Naijibu barua mliyoichapisha majuzi, ya msomaji aliyetaka watoto wa majambazi wa panga wapimwe damu wangali wadogo, itafutwe jeni ya ukatili, "ili tuwajue mapema". Ningeipita kama ninavyozipita nyingi, ila wiki hiyo hiyo hoja yake ilinikuta nimekaa mkekani Kibokoni, kikombe cha kahawa mkononi, mmoja wa wazee wanne tuliokwenda kumposea kijana wa jirani yangu.

Mambo yalianza vizuri. Halua ikapita, kashata ikapita, mshenga wetu akasema maneno yake kwa ufasaha. Kijana ni fundi wa friji, ana kibanda chake Kongowea, haonekani maskani wala hatafuni muguka. Ami yake binti alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa miwani, akatoa simu. "Kijana hatuna neno naye," akasema. "Lakini babake alimkata mtu panga, akafungwa Shimo la Tewa. Na sayansi imeshathibitisha, kuna jeni ya vita, inarithiwa." Mzee mwenzetu mmoja, ambaye masikio yake yamechoka, akashtuka: "Ana jini?" Watu wakacheka, jibu likaahirishwa, nasi tukatoka.

Nilicheka pia. Njiani nikaona mzee wetu hakukosea sana. Zamani kijana mkorofi aliambiwa ana pepo, akapelekwa kwa mganga akafukizwa ubani. Siku hizi ana jeni. Tofauti ni kwamba pepo alikuwa akitolewa.

Nimefundisha biolojia miaka 31, kwa hiyo nivumilie kidogo, Mhariri. Jeni ni maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, na hiyo anayoisoma ami kwenye simu inaitwa MAOA. Ipo kweli, na kila mmoja wetu anayo, hata imamu wake. Ndiyo yenye maagizo ya kutengeneza kimeng'enya, yaani protini ya kuharakisha kazi za mwili, kinachovunja serotonini, dopamini na noradrenalini, kemikali ambazo seli za ubongo hupelekeana habari kwazo. Mwaka 1993 Han Brunner na wenzake wa Uholanzi walieleza ukoo mmoja ambao wanaume wake kadhaa walikuwa na jeni hii imeharibika kabisa, kimeng'enya hakitengenezwi hata tone. Walikuwa na upungufu wa akili kiasi na hasira za ghafla, na wengine walifikia hata kutia moto. Wanawake wa ukoo huo walikuwa wazima. Hali hiyo ni nadra mno duniani.

Hapo ndipo nilipotamani ubao na chaki pale mkekani. Kwa nini wanaume tu? Kwa sababu MAOA imekaa kwenye X, moja ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Mwanamke ana X mbili, moja ikiharibika nyingine humsitiri. Mwanamume ana X moja na Y moja: Y kapewa na babake, X kapewa na mamake, hana pengine pa kuitoa. Basi hata tuseme yule mzee aliyefungwa alikuwa nayo hiyo jeni ya vita, hakuweza kumrithisha mwanawe wa kiume. Aliyeichukua X yake ni bintiye, dada yake huyu kijana, ambaye mtaa mzima unamjua kwa mahamri yake na kwa kushindwa hata kudai madeni. Ami alikuja na jeni moja tu, na hiyo moja haikuwa na njia ya kumfikia huyo kijana.

Najua atakachofanya akisoma hapa: atageukia kwa mama mtu. Asijisumbue. Jina hilo la "jeni ya vita" wanalolipenda watu wa mitandao halihusu ule ubovu wa Uholanzi. Linahusu namna ya kawaida tu ya jeni hiyo, ambayo kimeng'enya kinatengenezwa ila kwa uchache. Huko Dunedin, New Zealand, kuna watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 ambao watafiti wamewafuatilia tangu utotoni. Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao walipotoa matokeo mwaka 2002, kati ya wanaume 442 waliochunguzwa, 163 walikuwa na namna hiyo dhaifu. Zaidi ya thuluthi. Ingekuwa kweli ni jeni ya vita, mji ule ungekuwa majivu.

Walichokikuta ni kingine. Waliokuwa na jeni dhaifu na pia waliteswa utotoni walikuwa asilimia 12 tu ya wanaume hao, lakini walibeba asilimia 44 ya hukumu zote za makosa ya ukatili. Wenye jeni dhaifu iyo hiyo waliolelewa bila mateso hawakuwa wakorofi kuliko wengine. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, baadhi zikiunga mkono na baadhi zikikosa kuliona jambo hilo. Mimi silichukulii kama aya ya msahafu. Lakini kila nikisoma zile namba humkumbuka mvulana mmoja wa kidato cha pili, kabla viboko havijapigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Alimpiga mwenzake ngumi akamvunja jino. Nilimwambia ainame. Shati lilipopanda nikaona mgongo wake una michirizi minene ya bomba la maji, mingine imekauka, mingine bado mibichi. Nilijua imetoka nyumbani. Nikamchapa vinne juu yake, kwa sababu darasa zima lilikuwa linatazama. Miaka michache baadaye alikuwa mmoja wa wale tunaowafungia milango wakipita. Hakuna aliyewahi kumpima damu, na sidhani kama kipimo kingetuambia kitu ambacho shati lile halikutuambia.

Nisimwonee ami, ana nusu ya hoja. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba kiasi cha nusu ya tofauti za ukali kati ya watu inatokana na urithi. Lakini hiyo nusu haimaanishi kwamba nusu ya hasira ya mtu imetoka kwa babake. Panda minazi mia kwenye shamba moja lenye udongo mmoja: tofauti yote utakayoiona ya urefu itakuwa imetoka kwenye mbegu. Ipande nusu yake juu ya jiwe la matumbawe, na mbegu ile ile itakupa hesabu nyingine kabisa. Tena urithi wenyewe ni wa jeni nyingi mno, kila moja ikisukuma kidogo tu. Hakuna moja ya kunyooshewa kidole kwenye posa.

Na msomaji wenu wa vipimo vya watoto, wazo lake si jipya. Mwaka 1965 watafiti waliwakuta wanaume kadhaa wenye kromosomu XYY katika hospitali ya wagonjwa hatari huko Scotland, na ikavuma kwamba Y ya ziada huzaa wauaji. Richard Speck, aliyewaua wauguzi na wanafunzi wa uuguzi wanane huko Chicago mwaka 1966, alitangazwa magazetini kuwa ni XYY. Alipimwa, akakutwa na XY ya kawaida kama mimi. Uvumi ulikuwa umeshaenea. Hali hiyo humpata mwanamume mmoja hivi katika kila elfu moja, na wengi wao huishi na kuzeeka bila hata kujua wanayo. Magazeti, Mhariri. Nakukumbusha tu, sina ubaya.

Huku kwetu Kisauni, ikiingia magharibi, akina mama huita watoto ndani kwa hofu ya vijana wa panga. Hofu hiyo ninayo na mimi, nimefunga geti la chuma mwaka huu. Lakini yule fundi wa friji naye huwahi kufunga kibanda kwa hofu hiyo hiyo, na ndiye aliyenichomelea lile geti.

Wazee tumepewa ruhusa ya kurudi Kibokoni Alhamisi baada ya isha. Ami alisema gazeti lenu analisoma kila siku, kuanzia ukurasa wa vifo. Ukiwa na nafasi, naomba barua hii itoke Jumatano.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa