Nanomita 10 tu

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu ni kwako na huo mtihani. Uliniuliza kwa nini nang'ang'ania sola za plastiki ilhali za silikoni zipo na zinafanya kazi. Ngoja nikusimulie nilivyoharibu utando mwembamba wa sola hizo wiki iliyopita, jibu utalikuta humohumo.

Kwenye silikoni, mwanga ukiingia elektroni inabanduka na kujiendea. Kwenye polima, yaani hiyo plastiki yetu, haiendi mbali: inabaki imefungamana na tundu iliyoliacha, wanatembea kama pacha, ndio tunaowaita eksitoni. Maisha yao mafupi mno. Wasipoufikia mpaka wa fulereni, molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira inayoinyakua ile elektroni, ndani ya nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), basi wamekwisha, na nishati imepotea bure. Shida ni kwamba utando wa nanomita 10 haunasi mwanga wa maana. Unahitaji kama 100. Mtafiti Ching Tang alipolaza tabaka mbili za namna hii, moja juu ya nyingine, mwaka 1986, aligeuza takriban asilimia 1 ya nishati ya mwanga kuwa umeme. Mwaka 1995 kundi la mtafiti Alan Heeger likachanganya polima na fulereni katika myeyusho mmoja, na mpaka kati yao ukawa kila mahali.

Ila ukichanganya laini kupita kiasi, elektroni inakosa njia ya kutokea. Tunachotaka ni mishipa myembamba isiyokatika, na hiyo huletwa na joto. Utando wangu wa P3HT (ndiyo polima) na PCBM (ndiyo fulereni) ukitoka kwenye mashine ya kuzungusha, inayotandaza myeyusho, una rangi ya chungwa iliyokolea. Ukiupasha nyuzi 150 unageuka zambarau ukiutazama, minyororo ya polima inajipanga. Sichoki kuangalia. Basi siku hiyo nikaenda kupokea simu, nikasahau (unanijua). Kurudi, darubini ya kawaida tu inanionyesha fulereni imejikusanya fuwele kama sindano, ndefu maikromita kadhaa. Eksitoni wa watu atafika wapi hapo? Vitu ni vilevile, vipimo vilevile, umeme umeporomoka.

Tangu Y6, molekuli inayoshika nafasi ya fulereni, ilipotokea mwaka 2019 na kuvuka asilimia 15, kila mtu anasifia molekuli mpya. Sawa, zinastahili, lakini nazo zisipopangika vizuri hazifui dafu. Na kinachoninyima usingizi ni kwamba mpangilio wenyewe hautulii: seli ikikaa juani, ile mishipa inaanza kuhama polepole.

Kesho napasha tena, dakika 10, simu nimeizima. Picha ya sindano nakutumia; ni nzuri mno kwa kitu kilichonitia hasara.

Wako,
Salome