Mbio za wipeti na ugumu wa maisha: barua kwa Mama Salma

Durham, Uingereza
Jumapili, 23 Juni 2024

Mpendwa shoga yangu Mama Salma,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Salma na watoto wote. Sisi huku tu wazima. Baraka amemaliza mitihani yake na sasa kazi yake ni kulala na kufungua friji.

Ule ujumbe wako wa sauti nilianza kuusikiliza kwenye basi nikitoka zamu ya usiku, nikaurudia nyumbani nilipotulia. Umeniuliza bila kuzunguka: ikiwa maisha ya Uingereza yamepanda kiasi hicho, hata mchango wangu wa chama chetu cha wanawake umepungua, mbona bado nafuga mbwa wa mashindano? Una haki ya kuuliza. Wewe ndiye mweka hazina, na wewe ndiye uliyenitetea mbele ya wenzetu. Kwa hiyo leo nimekaa nikujibu kwa maandishi, maana kwa simu tungekatizana.

Kwanza poleni kwa yanayoendelea huko Kenya. Naona vijana wamejaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha na kodi zake mpya, Mungu awalinde. Eti hata mkate walitaka kuutoza VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, mpaka kelele zikawafanya wauondoe! Na VAT ya petroli tayari mwaka jana waliitoa asilimia 8 wakaifikisha 16. Najua basi kwamba simwandikii mtu aliyekaa kwenye raha.

Huku juzi wametangaza mfumuko wa bei umerudi asilimia 2, na redioni wakasherehekea. Wewe mfanyabiashara unaelewa: kasi ya kupanda imepungua, bei zenyewe hazijashuka. Oktoba 2022 mfumuko ulifika asilimia 11.1. Machi 2023 chakula peke yake kilikuwa kimepanda zaidi ya asilimia 19 kwa mwaka mmoja. Mshahara wa muuguzi haukuruka hivyo. Kuna wenzangu wodini walioacha gari nyumbani, na wengine walioanza kuja na chai yao kwenye chupa.

Sasa mbwa. Najua kwenu mbwa hakai ndani, na hilo naliheshimu, lakini nataka uelewe huyu ni mbwa gani. Wipeti ni mbwa mwembamba wa mbio, mdogo kuliko greihaundi, yule mbwa mkubwa wa mbio. Pilipili wangu ana kilo 11 tu. Akiwa nyumbani analala mchana kutwa na hana kelele. Akiwa uwanjani anakimbia karibu kilomita 56 kwa saa. Hakuna kamari, nakuhakikishia, maana nilihisi wasiwasi kwenye sauti yako. Zamani watu waliweka pesa, lakini klabu yetu ni ya ridhaa tupu. Ukishinda unapewa kikombe kidogo, na wote mnakunywa chai kutoka dirisha la jiko la klabu.

Mbio zenyewe ni yadi 150 za moja kwa moja, kama mita 137. Asubuhi mbwa wanapimwa uzito, maana mbio hupangwa kwa uzito, na katika aina nyingine mbwa mwepesi hutangulizwa mbele kidogo ili wote wapate nafasi. Wanavalishwa koti za rangi, nyekundu, buluu, nyeupe, nyeusi, na kifunika mdomo. Kule mwisho wa uwanja mzee mmoja anakaa na mashine aliyoiunda mwenyewe kwa starta ya gari bovu na betri. Ndiyo inayovuta kamba, na kwenye ncha ya kamba kuna tambara. Mbwa wakishaingizwa vizimbani na kuliona tambara likitikisika, wanalia kwa hamu kiasi kwamba mgeni hudhani wanapigwa. Milango inafunguka. Sekunde tisa hivi, kwisha. Sisi wenye mbwa tunasubiri upande wa pili, kila mmoja anamdaka wake kabla hawajagombania tambara.

Kisha ndipo unapiga magoti kwenye nyasi. Unapapasa kidole kimoja kimoja cha mguu, unatazama katikati ya nyayo kama kuna damu, unapitisha kiganja mapajani kutafuta msuli uliokaza. Ngozi ya wipeti ni nyembamba mno, na mafuta mwilini hana. Akigusa waya wa ua akiwa na mwendo ule, anachanika. Hapo pesa inaanza kuhesabika.

Watu hudhani gharama ni chakula. Siyo, Mama Salma. Mbwa wa kilo 11 anakula kidogo. Na kuna jambo la kodi ambalo litakushangaza: chakula cha mbwa wa nyumbani kinatozwa VAT ya asilimia 20, lakini chakula kilichotengenezwa na kuuzwa kwa ajili ya mbwa wa kazi peke yake hakitozwi. Kwa hiyo karibu sote tunanunua mfuko mkubwa ulioandikwa mbwa wa kazi, tunachanganya na nyama ya kuku ya kusaga na samaki wa kopo. Ada ya kuingiza mbwa mbioni nayo ni pauni chache tu.

Kinachotumaliza ni barabara na daktari.

Barabara, kwa sababu viwanja vimepungua. Mzee jirani yangu, aliyenipeleka mbioni mara ya kwanza, anasema utotoni mwake alikuwa anakwenda uwanjani kwa miguu na mbwa wake, na kila kijiji kilikuwa na mahali pake. Sasa tunaendesha gari kwenda wilaya nyingine. Julai 2022 petroli ilipita senti 191 za pauni kwa lita, na majira yale niliona nafasi za kuegesha zikibaki tupu Jumapili baada ya Jumapili. Petroli imeshuka tangu hapo, lakini si wote waliorudi. Kuna wazee wawili, mume na mke, waliofuga wipeti maisha yao yote. Mbwa wao wa mwisho alipokufa hawakuchukua mwingine. Mama yule aliniambia kwamba wipeti anaishi miaka 12 hadi 15, na yeye hawezi kuahidi pesa ambayo hajui kama ataipata. Huyo ndiye aliyekuwa akipika jikoni pale klabu. Mchezo unampoteza mtu wa namna hiyo kwanza, yule anayefikiria wajibu wake kabla ya raha yake, na hilo linaniuma kuliko bei yoyote.

Daktari wa wanyama ni habari nyingine. Mwaka jana Pilipili aliteguka kidole cha mguu wa mbele. Ankara ilikuja ya mamia ya pauni, na bima yangu ikasema majeraha ya mbioni haiyagusi. Si mimi peke yangu ninayelalamika. Mamlaka ya ushindani wa biashara ya Uingereza ilianza kuitazama biashara ya madaktari wa wanyama Septemba 2023, ikauliza umma, ikapata majibu zaidi ya 56,000. Mwezi uliopita wakaamua kufungua uchunguzi rasmi. Walichokuta ni kwamba mwaka 2013 makampuni makubwa yalimiliki kama asilimia 10 ya zahanati za wanyama, na sasa yanakaribia asilimia 60. Daktari aliyekuwa na mlango wake kijijini, aliyekujua na kukukopesha mpaka mwisho wa mwezi, ameuza na kustaafu.

Nakuandikia haya yote kwa sababu nataka uone kwamba mchezo huu haukuwa wa matajiri. Matajiri walikuwa na farasi. Wipeti alikuwa mbwa wa wachimba makaa ya mawe huku kaskazini, Durham, Northumberland, Yorkshire na Lancashire, mpaka akaitwa farasi wa mbio wa maskini. Klabu kuu ya mbwa ya Uingereza ilimtambua rasmi mwaka 1891, lakini wachimba migodi hawakusubiri hati. Hakukuwa na mashine wala vizimba. Mshikaji alimshika mbwa kwa shingo na mkia, bunduki ikilia anamrusha mbele mzima mzima, na kule mwisho wa yadi 200 mwenye mbwa anapunga kitambaa na kuliita jina lake kwa nguvu zote. Mbwa alilala ndani na watoto, akala kilichopikwa. Mtu aliyeshinda chini ya ardhi wiki nzima alipata siku moja ya kusimama kwenye nyasi, juani, akitazama kitu chepesi kikikimbia.

Mgodi wa mwisho wa makaa wa chini ya ardhi wa Durham ulifungwa mwaka 1993. Mwambie Baba Salma, yeye shabiki wa mpira, kwamba ule uwanja wa Sunderland, Stadium of Light, umejengwa pale pale ulipokuwa mgodi huo. Kazi iliondoka, mbwa wakabaki. Watu wa hapa walivuka mgomo mrefu wa wachimba migodi wa 1984 na 1985 bila mshahara na hawakuwaacha wipeti wao. Ndiyo maana mtu akiniambia mbwa wa mbio ni anasa, nasikia vibaya kwa niaba yao. Ni kitu pekee walichojitengenezea wenyewe, kwa vitu walivyokuwa navyo, na wakanifungulia mlango mimi mgeni niliyekuja bila kujua mtu. Wakati ule nilikuwa nikitoka wodini nakwenda kulala, naamka nakwenda wodini. Mwaka mzima sikuwa na jina kwa mtu yeyote nje ya kazi. Pale uwanjani nina jina. Mzee akiwa na kidonda kisichopona ananionyesha. Mimi nikikosa mtu wa kumchukua Baraka shuleni, kuna simu za kupiga.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Pilipili simwachi, na Jumapili zangu siziachi. Lakini nimekata vingine. Nilikuwa nimeahidiwa mbwa mdogo wa pili kutoka uzao wa dada yake Pilipili, nimekataa. Mashindano ya mbali, yale ya kulala hotelini, nimeyafuta mwaka huu. Tunakwenda watu watatu na mbwa wanne kwenye gari moja, na petroli tunagawana. Na kwa kuwa mimi ni muuguzi, naosha na kufunga mikwaruzo midogo ya mbwa wa wenzangu. Kinachohitaji kushonwa kinakwenda kwa daktari, hapo hatufanyi mchezo. Mchango wa chama nao nitaurudisha ulivyokuwa kuanzia mwezi wa Agosti. Hilo tumekubaliana na Baba Baraka, si ahadi ya kukufurahisha.

Sasa nina ombi la kikazi. Mwenye shamba tunalokimbilia ameongeza kodi, na kwenye mkutano kila mtu akaanza kusema klabu ifungwe. Nikasimama nikawaeleza habari za chama. Wote kimya, kisha maswali yakaanza. Nimependekeza kila mwanachama atoe kiasi kidogo kila wiki, nusu iende kwenye kodi ya uwanja, nusu iwe mfuko wa kumkopesha aliyepata ankara ya daktari, alipe taratibu bila riba. Wamekubali kujaribu, na wamenipa kazi ya kuandika kanuni. Wewe umeshika hazina yetu miaka yote hii bila shilingi kupotea. Nieleze: mtu akichelewa mwezi wa kwanza mnamfanyaje? Faini mnaitoza kabla au baada ya kumwona uso kwa uso? Na aliyefiwa mnamsamehe kwa muda gani? Wazungu hawa ni wagumu kuombana pesa, wanaona haya. Nahitaji kanuni ambayo itaomba kwa niaba yao.

La mwisho. Dada yako akija Agosti, mpe leso moja kuukuu, ile ambayo huwezi kuivaa wala kuifanya tambara la jikoni. Nakwambia wazi itafungwa kwenye ncha ya kamba na mbwa wataing'ata, kwa hiyo usitoe ile ya mama yako. Mzee wa mashine anataka rangi kali inayoonekana mbali, nyekundu au manjano. Usiipeleke posta, ni ghali mno. Akiikunja vizuri itaingia kwenye kiatu ndani ya sanduku.

Nisalimie Salma, na wanawake wote wa chama.

Wako akupendaye,
Mama Baraka