Sanga, koki haijafa, ni kipira tu

Uyole, Mbeya
14 Juni

Ndugu yangu Sanga,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa wadogo wote huko Makete. Najua mwezi huu baridi ya huko haina mchezo. Sisi huku wazima.

Ujumbe wako kwamba koki ya pikipiki yako inavuja, na zile picha mbili, vimenifikia. Kabla hatujaigusa koki yenyewe, yaani kile kifaa cha chini ya tenki cha kufungulia na kufungia mafuta, nakuomba jambo moja: hiyo pikipiki itoe ndani leo hii. Unasema inalala sebuleni, asubuhi mnaamka na harufu ya petroli, na jioni mnaingiza jiko la mkaa chumba hichohicho. Petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata kukiwa na barafu, kwa hiyo baridi ya Makete haikulindi hata kidogo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi darini, unatambaa sakafuni na kujikusanya chini, palepale jiko lilipo. Iweke nje chini ya upenu, uifunge mnyororo, mpaka koki ipone.

Sasa twende kazini. Picha ya kwanza inaonyesha koki nzima imelowa, na hapo ndipo hela nyingi hupotea: mtu anaona imelowa, anakimbilia kununua koki mpya. Petroli hutambaa, Sanga. Inaweza kuanzia juu kabisa, koki inapokutana na tenki, ikashuka kufuata mwili wa koki hadi ncha ya chini, nawe ukaamini ncha ndiyo mbovu. Tafuta kwanza inapoanzia. Saga chaki ya shuleni iwe unga, futa koki kwa kitambaa mpaka ikauke kabisa, kisha pakaza ule unga kwa brashi laini kila upande. Kaa nayo dakika 10 ukiitazama, mkono wa koki (kile kishikio unachozungusha) ukiwa ON, yaani umefunguliwa. Chaki inayolowa hubadilika rangi, na doa la kwanza kutokea ndilo chanzo.

Doa likitokea juu, kwenye tenki, ni oringi ya shingo, yaani ule mpira wa duara unaoziba hapo. Likitokea kuzunguka mkono wa koki, ni kile kipira chenye matundu kilicho ndani. Kama koki yako ina kikombe cha kukusanyia uchafu, angalia na oringi ya kikombe hicho. Mpira unaoshuka kwenye kabureta nao hupasuka ncha, ila huo dawa yake ni ndogo: kata sentimita moja na nusu, urudishe na kibanio chake. Kwa picha yako ya pili, naona tone limening'inia chini ya mkono, na kibati cha mbele kimeacha alama ya kahawia. Mimi naamini ni kipira, lakini fanya kipimo cha chaki usiniamini tu.

Upo uvujaji mwingine usiolowesha kitu nje, nao ndio unaoua injini. Weka koki OFF, yaani ifunge, chomoa mpira kwenye kabureta, elekeza ncha kwenye chombo, ngoja robo saa. Yatatoka mafuta machache yaliyokuwa ndani ya mpira, halafu lazima pakauke. Yakiendelea kudondoka, koki haifungi. Hapo kinga inabaki ile sindano ya floti, inayofunga mafuta ndani ya kabureta yakishajaa, peke yake, nayo ikishindwa, petroli inamwagika chini au inapenya silinda na kushuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili unuse. Kama kina harufu ya petroli, au oili imepanda kuliko ulivyoijaza, usiwashe hata dakika moja, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli inakuwa nyepesi na haiwezi kulinda chuma kisisuguane. Imwage, uweke mpya baada ya kutengeneza koki, si kabla.

Unaweza pia kupima hasara yako. Kinga matone kwenye kifuniko kwa dakika 10, kisha yavute kwa bomba la sindano. Mililita 1 tu kwa dakika 10 ni mililita 144 kwa siku, yaani lita nzima kila wiki.

Vifaa si vingi: spana namba 10, bisibisi ya nyota inayoingia sawasawa kwenye kichwa cha skrubu, koleo, kipande cha kioo cha dirisha, msasa wa maji namba 600 na namba 1000, mswaki wa zamani, na dumu lenye mfuniko la kutosha mafuta ya tenki zima. Usikinge kwenye chupa za soda, maana mtoto akiona chupa ya soda hajui kilichomo. Fanya kazi nje, mchana, mbali na jiko na mbali na mtu anayevuta sigara. Ondoa waya wa hasi kwenye betri. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu. Maji usiyategemee, kwa sababu petroli huelea juu yake na moto utasambaa nayo.

Weka mkono RES (rizevu, mafuta ya akiba), chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye dumu. Tumia RES kwa sababu ndani ya tenki koki ina njia mbili: ya ON ni kabomba kalikosimama juu, ya RES iko chini. Ukimwaga kwa ON, mafuta ya rizevu yanabaki yote na yatakumwagikia unapofungua. Kisha toa siti, fungua bolti ya nyuma ya tenki, inua nyuma kidogo na uvute tenki kurudi nyuma. Lilaze juu ya gunia, upande wa koki ukiangalia juu.

Koki nyingi za pikipiki zetu zinashikwa na bolti mbili. Zifungue huku ukiangalia wesha zake. Kwenye baadhi ya tenki matundu ya bolti yanatokea ndani kwenye mafuta, na zile wesha laini ndizo zinazoziba, hivyo ukiweka ya chuma ya kawaida umejitengenezea uvujaji mpya. Nyingine zinashikwa na nati moja kubwa. Hiyo mara nyingi ina meno ya pande mbili tofauti, ya juu na ya chini yakizunguka kinyume, ili koki isizunguke wakati inakazwa. Shika koki kwa mkono mmoja, zungusha nati peke yake.

Ukiitoa utaona chujio la nailoni limesimama. Lisafishe kwa mswaki na petroli kidogo, taratibu, maana nailoni kuukuu hupasuka. Ukikuta kutu au matone ya maji ndani ya tenki usishangae. Usiku wa baridi unyevu wa hewa hugeuka matone kwenye kuta za tenki lenye nafasi kubwa, na maji huzama chini ya petroli. Tikisa tenki na petroli nusu lita, mwaga, rudia mpaka itoke safi. Chembe za kutu ndizo zinazokwaruza ndani ya koki.

Sasa upande wa mkono. Kuna kibati kilichoshikwa na skrubu mbili ndogo. Kama badala ya skrubu kuna ribiti, koki hiyo haikutengenezwa ifunguliwe, nunua nyingine. Mwili wa koki ni madini laini ya kumimina, na vichwa vya skrubu huliwa upesi, kwa hiyo kandamiza bisibisi kwa nguvu kuliko unavyoizungusha. Ikigoma, weka tone la oili nyepesi uiache saa moja. Usiipashe moto kwa namna yoyote.

Piga picha kila hatua. Kitatoka kibati, kisha wesha nyembamba iliyopindapinda ambayo ndiyo springi, kisha mkono wenyewe, na mwisho kipira cha duara chenye matundu manne au matano kilichokaa kwenye kitanda chake. Kishike kipira hicho kwenye mwanga wa jua. Kizuri kina uso ulionyooka, na kingo za matundu ni kali. Kibovu kina duara linalong'aa lililochimbika pale mkono ulipokuwa ukizunguka, matundu yamevutika kama yai, na ukikibonyeza kwa ukucha hakirudi, au ni kigumu kama plastiki. Pitisha ukucha pia kwenye uso wa mkono unaokigusa. Mkwaruzo unaonasa ukucha utakata hata kipira kipya ndani ya wiki chache.

Mkwaruzo huo unatoka. Tandaza msasa namba 600 juu ya kioo, tia maji, weka uso wa mkono juu yake na uuzungushe kwa kuandika namba 8, bila kukandamiza. Kioo kinahitajika kwa sababu ndicho kitu kilichonyooka kweli ambacho kila nyumba inacho. Meza ya mbao haifai. Kila mara kumi tazama. Uso ukiwa na rangi moja kote, malizia kwa namba 1000. Fanya hivyohivyo kwa uso wa koki unaobana kwenye tenki, hasa kama mtu aliwahi kuikaza kupita kiasi: masikio ya bolti hupinda kuelekea tenki, katikati kunabaki na uwazi, na hakuna oringi itakayoziba hapo. Osha kwa maji na sabuni, puliza matundu yote, kausha kabisa.

Kwenye kununua vipira ndipo uwe makini. Nenda dukani na koki yenyewe. Kama wanauza seti ya vipira vyake, chukua hiyo, iache koki nzima ya bei rahisi, kwa sababu vipira vya koki hizo mara nyingi ni vibovu kuliko hivyo unavyotoa. Usipime oringi kwa kuilinganisha na ya zamani, maana mpira uliokaa kwenye petroli huvimba, na ukikauka husinyaa. Pima mfereji wake. Oringi ikae ikiwa imetokeza juu ya mfereji kidogo, kama robo ya unene wake, ili ibanwe. Kama lazima ununue koki nzima, pima kutoka katikati ya tundu moja la bolti hadi katikati ya jingine: zipo za milimita 34 na zipo za 44, na kwa macho zinafanana. Ukiwa na shaka na mpira uliouziwa, nunua viwili, loweka kimoja kwenye petroli usiku mzima. Kikiamka kimevimba au kimelegea kama andazi, ujue hakikutengenezewa mafuta.

Ndiyo maana ile tyubu ya baiskeli uliyokata na kuifunga haikushika. Mpira wa tyubu hunywa petroli ukalegea. Na usije ukapaka silikoni ya madirisha, nakusihi. Petroli huilainisha, inameguka vipande vidogo, vipande vinashuka hadi kwenye jeti, katundu kembamba ka mafuta ndani ya kabureta, halafu una pikipiki inayovuja na isiyowaka. Kuhusu kuziba kwa sabuni ya mche, hiyo ina ukweli wake: sabuni haiyeyuki kwenye petroli, kwa hiyo ukiisindilia kwenye ufa inaweza kukufikisha nyumbani. Mvua ikinyesha inaondoka. Ni ya njiani tu.

Kurudisha, paka kipira kipya oili ya injini kidogo sana kwa ncha ya kidole. Grisi usiitumie, itashuka na mafuta hadi kwenye kabureta. Kama wesha ya springi imelala, ipinde kidogo irudishe mawimbi yake. Panga ulivyopiga picha, kaza skrubu mbili kwa kupokezana. Mkono uzunguke kwa uzito kidogo lakini kwa ulaini, usiwe mlegevu kama mlango wa kabati. Bolti za tenki zikaze kwa vidole mpaka ziguse, kisha robo mzunguko huku, robo kule, mpaka zishike. Zina milimita 6 tu, na meno ya tenki yakishaliwa umeanzisha kazi nyingine ya kuchomelea.

Usifunge tenki kwanza. Liweke juu ya matofali, tia nusu lita, paka chaki tena, acha dakika 15 kwenye ON, 15 RES, 15 OFF. Pakikauka, funga, jaza, na uache usiku mzima nje na karatasi kavu chini ya koki. Kipimo cha alfajiri ndicho ninachokiamini kwa Makete, kwa sababu baridi hukaza mpira, na kipira kisichokaa vizuri mchana hushika halafu alfajiri kinatona.

Tena, ukijaza Matamba asubuhi na kushuka zile kona 57 kwenda Chimala, usijaze hadi mdomoni. Petroli lita 10 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka karibu mililita 200, nayo lazima ipate pa kwenda. Acha vidole viwili chini ya shingo, na hakikisha katundu ka hewa kwenye kifuniko hakajaziba matope, la sivyo shinikizo lote linaegemea koki yako mpya.

Ukikosa vipira huko, nitumie picha ya koki ikiwa wazi, idadi ya matundu ya kipira, na vipimo viwili: upana wa kipira na nafasi ya bolti. Nitazunguka soko la Mwanjelwa Jumamosi na kukuwekea kwenye basi la Jumapili, pamoja na vipande vya msasa.

Wasalimie wote.

Ndimi rafiki yako,
Lusajo